Sumu Iliyofukiwa Haifi

(Maneno haya yalisemwa na halmashauri ya tawi mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyachapa kwa sababu wenzetu wengi walikuwa katika zamu ya usiku wala hawakuweza kufika.)



Tumewaiteni leo kwa jambo moja tu. Si mshahara, wala si likizo, ingawa hayo nayo hatukuyasahau. Jambo lenyewe ni kile kiwanja cha nyuma ya karakana.

Wote mwakijua. Nyasi zake ni za manjano hata wakati wa masika. Kwa miaka mingi taka za kazi zilitupwa pale: mafuta machafu, majivu ya tanuru, na mapipa ya dawa za kuondolea grisi kwenye vyuma. Kisha udongo ukamwagwa juu, na watu wakasahau. Sasa tajiri ataka kujenga maghala mahali hapo. Ametangaza kwamba atachukua watu 30 wa kuchimba na kupakia udongo, na kila mtu atapata shilingi 300 zaidi kwa siku. Vifaa vilivyotajwa ni majembe, makarai na glavu za kitambaa.

Vijana wengi wamekwisha kuandikisha majina. Hatuwalaumu. Shilingi 300 ni unga na mafuta ya taa. Lakini twaomba mtusikilize kwanza kabla mtu hajatia jembe ardhini, kwa maana jambo hili limekwisha kuwapata watu wengine, na yaliyowapata yameandikwa.

Katika nchi ya Marekani, katika jimbo la New York, pana mji uitwao Niagara Falls, karibu na maporomoko makubwa ya maji. Katika miaka ya 1890 bwana mmoja aitwaye William Love alianza kuchimba mfereji ili apate nguvu za umeme. Fedha zikamwishia, na kazi ikaachwa nusu. Likabaki shimo refu, kama futi 3,000, na watoto wakawa wanaogelea humo. Watu wakaliita Love Canal.

Tangu mwaka 1942 mpaka 1953 kampuni ya Hooker, iliyokuwa ikitengeneza kemikali, ilitupa taka zake katika shimo hilo. Zilizidi tani 20,000. Nyingi zilikuwa ndani ya mapipa ya chuma. Shimo lilipojaa likafunikwa kwa udongo wa mfinyanzi, na mwaka 1953 kampuni ikaiuzia halmashauri ya shule kiwanja hicho kwa dola 1. Katika hati ya mauzo yaliandikwa maneno ya kuonya kwamba chini yake mna taka za kemikali, na kwamba kampuni haitadaiwa kwa madhara yatakayotokea baadaye. Shule ikajengwa juu yake. Nyumba zikajengwa pembeni. Wenye kununua nyumba hawakuonyeshwa hati ile.

Wengi wa waliokaa pale walikuwa wafanya kazi kama sisi. Baadhi yao walikuwa wakifanya kazi katika viwanda vya kemikali vya mji ule ule. Walilipia nyumba zao kidogo kidogo kutoka katika mshahara.

Kisha mapipa yakala kutu. Udongo wa juu ulikuwa umekatwa katika kujenga shule, kupitisha mabomba na kutengeneza barabara. Mvua na theluji zikapenya, shimo likajaa maji kama sufuria, na maji yakafurika yakiwa yamebeba sumu. Yakaingia katika vyumba vya chini vya nyumba. Mapipa yakatokeza juu ya ardhi. Watoto waliochezea pale wakarudi nyumbani na ngozi iliyochomeka.

Tarehe 2 Agosti 1978 Serikali ya jimbo ilitangaza hatari, ikawashauri wanawake wenye mimba na watoto wa chini ya miaka 2 waondoke. Siku 5 baadaye Rais Carter akatangaza hatari kwa upande wa Serikali kuu. Jamaa 239 waliokaa karibu kabisa na shimo wakahamishwa kwanza. Wengine wakaambiwa wabaki, kwamba kwao si kubaya. Hawakukubali. Bibi mmoja, Lois Gibbs, mama wa nyumbani asiyepata kushika cheo cho chote, aliwakusanya majirani wakaunda chama, wakagonga milango ya wakubwa kwa muda wa miaka 2. Mwaka 1980 na hao wengine wakapata nafasi ya kuhama kwa gharama za Serikali.

Wengi wenu mtauliza: Je, taka zile zilitolewa? Ndugu, hazikutolewa. Ziko pale mpaka leo. Hili ndilo jambo kubwa ambalo twataka mlichukue kutoka mkutano huu. Kuzika sumu ni kazi ya siku moja, lakini kuisafisha si kazi ya siku moja. Pengine haina mwisho.

Tueleze kwa nini iko hivyo. Ardhi si sakafu ya simiti. Mvua ikinyesha, maji hupita katikati ya taka kama maji ya moto yapitavyo katika majani ya chai. Huchukua kila kinachoyeyuka, hushuka nacho mpaka yafike kwenye maji yaliyomo chini ya ardhi. Na maji hayo hayakai mahali pamoja. Yanakwenda pole pole, penye mchanga upesi zaidi, penye mfinyanzi kwa taabu, mpaka yatokee katika kisima cha mtu ambaye hakuona hata pipa moja.

Na sumu hazina tabia moja. Petroli na mafuta mepesi huelea juu ya maji ya chini. Dawa nyingi za kuondolea grisi ni nzito kuliko maji, nazo huzama mpaka zikute mwamba au mfinyanzi mzito. Hukaa huko zikitoa sumu kidogo kidogo kwa miaka mingi. Madini ya risasi hung'ang'ania udongo wa juu, hata huwa vumbi la kuvuta puani na la kuliwa na watoto kwa vidole. Wako wanaosema kwamba maji ya kisima yakichemshwa yatakuwa mazuri. Kuchemsha huua vijidudu. Risasi hakuiondoi hata chembe.

Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Wataalamu wa siku hizi wajaribu kuyazoa, nao wana njia zao. Tumezifupisha hapa ili mtu akiwaambieni kwamba anasafisha kiwanja, mjue kumwuliza maswali.

Kwanza kabisa ni kupima. Huchimbwa visima vyembamba, vingine upande maji yanakotoka na vingine upande yanakokwenda. Udongo na maji hupelekwa kwa wapimaji. Bila ya kupima, hakuna ajuaye kama anasafisha au anatawanya.

Njia ya kwanza ni kuchimba udongo mbovu na kuuondoa. Hii yapendeza macho, lakini lazima kuuliza: udongo huo wapelekwa wapi? Ukimwagwa kando ya mto, au ukiuzwa kwa watu wa kujazia viwanja, sumu imehamishwa tu, imepata mtaa mwingine.

Njia ya pili ni kufunika. Huwekwa mfinyanzi na karatasi nene ya plastiki ili mvua isipenye, na kuzunguka pande zote huchimbwa mtaro wenye mabomba ya kukusanya maji yanayotoka ndani.

Njia ya tatu ni kuyavuta maji ya chini kwa pampu na kuyapitisha katika makaa maalum yanayonasa sumu. Makaa hayo hushiba, ndipo yabadilishwe. Kazi hii huchukua miaka, na mahali pengine makumi ya miaka.

Njia ya nne ni kuvuta hewa yenye mvuke wa sumu kutoka katika udongo, au kuwasaidia vijidudu vilivyomo ardhini kula mafuta. Yafaa penye petroli na mafuta. Risasi haina kijidudu cha kuila.

Love Canal walitumia njia ya pili na ya tatu. Kuyachimbua maelfu ya mapipa yaliyooza kungeweza kuleta hatari kubwa kuliko kuyaacha. Basi wakachimba mitaro kuzunguka shimo, wakaweka mabomba, wakafunika eneo la eka 40, na wakajenga nyumba ya mitambo ya kusafisha maji kwa makaa. Mito midogo na mabomba ya maji machafu yaliyokuwa karibu yakasafishwa. Mitambo ile yaendelea kufanya kazi. Kila mwaka husafisha mamilioni ya galoni za maji. Mahali penyewe pamezungushiwa ua.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Mwaka 2004 Serikali ya Marekani iliiondoa Love Canal katika orodha yake ya mahali pa hatari kubwa kwa kuwa kazi ya ujenzi ilikuwa imetimia. Mwaka 2011 mafundi waliokuwa wakitengeneza bomba la maji machafu karibu na hapo wakakutana na kemikali tena. Tazameni walioikuta: si mkurugenzi, si mwenye hisa, bali ni mtu mwenye sururu.

Na ni nani aliyelipa? Mithali yasema mla mbuzi hulipa ng'ombe. Lakini pale kwa muda mrefu mmoja alikula, na wengine wakalipa. Kwanza walilipa wenyeji kwa afya zao na kwa nyumba zilizokuwa hazina thamani tena. Kisha ikalipa hazina ya Serikali, yaani kodi za watu. Desemba 1980 Marekani ikatunga sheria kwamba aliyetupa taka ndiye atakayedaiwa gharama za kusafisha, hata kama alitupa zamani. Kampuni ya Occidental, iliyokuwa imeinunua Hooker, ilikubali mwaka 1994 kulipa jimbo la New York dola milioni 98, na mwaka 1995 kulipa Serikali kuu dola milioni 129. Hesabuni wenyewe: kiwanja kilichouzwa kwa dola 1. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa tuje kwa wachimbaji, maana ndio sisi.

Kazi ya mitaro ilipoanza Love Canal mwaka 1978, wakazi waliobaki walidai mabasi yakae tayari na injini, ili kukitokea moshi au mlipuko watu waondolewe mara moja. Watu wa kawaida waliona mbali: kufukua ni wakati wa hatari kuliko wakati wo wote. Sumu iliyolala huamka ikipigwa jembe.

Vyama vya wafanya kazi vya kule vilidai sheria ya kuwalinda wanaosafisha sumu. Mwaka 1986 bunge lao likaagiza sheria hiyo iwekwe, na kanuni zake zikakamilika mwaka 1989. Kanuni zasema kwamba mfanya kazi anayeingia mara kwa mara mahali pa taka za sumu lazima afundishwe saa 40 kabla ya kuanza, kisha afanye kazi siku 3 chini ya msimamizi mwenye ujuzi. Lazima apimwe na daktari. Lazima hewa ipimwe. Mahali pa kazi hugawanywa sehemu tatu: sehemu chafu, sehemu ya katikati ya kuvulia na kuoshea, na sehemu safi. Hakuna anayekula, kunywa wala kuvuta sigara katika sehemu chafu. Nguo na viatu havitoki nje.

Mtu asifikiri kwamba nguo ni jambo dogo. Baba akirudi nyumbani na vumbi la risasi katika suruali, mtoto hukimbia kumkumbatia. Mkewe hufua suruali ile pamoja na nepi. Shilingi 300 zimelipwa kwa mtu mmoja, sumu imegawiwa nyumba nzima.

Wengine watasema, hayo ni mambo ya Wamarekani wenye fedha. Basi tutazame kwetu Mombasa. Kando ya mtaa wa Owino Uhuru palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Aliyepaza sauti alikuwa mfanya kazi wa kiwanda chenyewe, Bi Phyllis Omido, baada ya mtoto wake kuonekana ana risasi katika damu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Lakini kufunga lango hakukuutakasa udongo. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua kwamba wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kwamba udongo na maji yasafishwe katika muda wa miezi 4. Kesi ikapelekwa mahakama za juu, na miaka ikazidi kupita.

Kwa hiyo tuna haki, lakini haki hiyo hupatikana polepole sana mtu akiisha kuumia. Ni heri kuitumia kabla. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 70 chamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanya kazi aonapo hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na tajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali hapo mpaka hatari iondolewe. Na penye wafanya kazi 20 au zaidi lazima iwepo kamati ya usalama. Yetu ipo katika karatasi. Twataka iwepo katika kiwanja.

Ndugu, hatusemi kazi isifanyike. La. Twataka ifanyike! Wapangaji wa chini ya bonde wachota maji kisimani kila asubuhi, nao ni ndugu zetu na wake zetu. Kile kiwanja kikiachwa kitaendelea kuwanywesha. Tena kusafisha ni kazi yenye ujuzi na yenye siku nyingi. Mtu aliyefundishwa kazi hii si kibarua wa karai. Astahili kulipwa kama fundi. Tunachokataa ni kuuziwa hatari kwa shilingi 300 na kuambiwa ni bahati.

Halmashauri imeandika mambo sita ya kumpelekea tajiri, nasi twayaweka mbele yenu:

1. Udongo na maji yapimwe na watu wasioajiriwa na kampuni, pamoja na maji ya visima vya bondeni, na majibu yasomwe mbele ya wafanya kazi na wapangaji.

2. Wakati wa kungoja majibu, kampuni ilete maji safi bondeni kwa gari.

3. Ijulikane udongo utapelekwa wapi, kwa ruhusa gani, na atakayeupokea ajue kilichomo.

4. Hakuna atakayechimba kabla ya kufundishwa, kupimwa damu, na kupewa buti, glavu za mpira, nguo za kazi na kifaa cha kufunika pua na mdomo kinachofaa sumu iliyoonekana. Nguo zifuliwe kazini. Mahali pa kuoga pawepo.

5. Wakati wa joto kuwe na mapumziko kivulini na maji ya kunywa, kwa kuwa mavazi hayo huweza kumwangusha mtu hata kabla ya sumu.

6. Majina ya wachimbaji wote, vibarua pia, yaandikwe na kuwekwa, kampuni na chama kila mmoja na nakala yake. Magonjwa mengine huja baada ya miaka mingi, na asiye na karatasi hana kesi.

Kuna jambo la saba, lakini hili si la tajiri. Ni letu.

Mapipa yale hayana ramani. Tulipouliza ofisini, tuliambiwa vitabu vya zamani vimepotea. Lakini waliozika mapipa wako hai. Mzee mmoja aliyestaafu alikuja Jumamosi akatembea na sisi nje ya ua. Akatuonyesha kwa fimbo: hapa tulizika mapipa mekundu, pale tulimwaga mafuta, kule chini ya mwembe ni majivu matupu. Alikumbuka hata mwaka ambao ng'ombe alikufa. Hajaulizwa na mtu ye yote tangu siku aliyopewa barua ya kustaafu.

Kwa hiyo twawaomba kila mmoja mwenye baba, mjomba au jirani aliyewahi kufanya kazi katika karakana ile amlete au achukue maneno yake. Tutayaandika yote, tutachora ramani, na nakala moja tutawapa wapimaji ili wajue pa kuchimba visima vyao. Kule Niagara Falls onyo liliandikwa katika hati, hati ikafungiwa kabatini, na shule ikajengwa. Onyo letu litabandikwa ukutani ambapo kila mtu aweza kulisoma.

Walioandikisha majina twawaomba wasiyafute. Wayaache, lakini wasiingie mmoja mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Siku ya Jumatatu halmashauri itakwenda ofisini na mambo haya sita. Wale 30 na wangoje langoni pamoja, majembe yakiwa chini, mpaka tutoke na jibu.

Wenye maswali waulize sasa. Tuna muda mpaka kengele ya zamu.